Ngazi Tatu za Kwenda Wierzbno

Septemba 4, Jumatatu

Leo nimeanza kuchuma vichomozo. Anayelima krisanti za makaburini anaijua kazi hii: kila shina linataka kutoa maua kumi, wewe unalinyima tisa ili libaki ua moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Hilo ndilo watu wanalolinunua kwa ajili ya tarehe mosi Novemba, siku ya kwenda kwenye makaburi ya wafu wao. Nina vyungu elfu mbili na mia nne katika mabanda manne ya nailoni, na njia za ndani zina upana wa mita moja na robo kwa sababu aliyezipima ni mimi. Humo hakuna kona ambayo kiti changu cha magurudumu hakifiki. Nje ya geti ni habari nyingine.

Naandika kwa sababu nimeamua jambo, na nikiamua jambo napenda liwe na tarehe.

Mwaka huu, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nitakwenda kwenye kaburi la mama kule Wierzbno kwa treni, mchana kweupe, kwa magurudumu yangu mwenyewe. Mama alifariki Machi. Siku ya mazishi gari letu la maua lilikwama barabarani, na nilipofika wachimba kaburi walikuwa wakiusawazisha udongo kwa migongo ya makoleo. Dada yangu Leokadia alikuwa ameshashika mkoba wake tayari kuondoka. Hawakunisubiri. Naliandika hivyo kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa.

Kwa gari siku ya Watakatifu Wote haiwezekani. Gari linauza maua mpaka jioni, na hata lisingeuza, polisi hufunga barabara zote za kuzunguka makaburi. Miaka ya nyuma nilikuwa naenda kwenye kaburi la baba giza likianza kuingia, watu wameshaondoka, taa za mishumaa zimebaki zenyewe. Kwa baba nilivumilia. Kwa mwaka wa kwanza wa mama sitaki kuingia kama mwizi.

Septemba 6

Stesheni yetu ya Olchowa imejengwa upya kiangazi hiki. Walikuja wakubwa, wakakata utepe, wakapigwa picha. Leo nimekwenda kuikagua na rula yangu. Mteremko wa kupandia jukwaani ni mzuri, sitaki kuwaonea: kila mita moja unapanda sentimita sita, na kati kuna mahali pa kupumzikia. Reli za kushikia zipo pande zote mbili. Treni ndogo mpya ina sakafu ya chini, na mlango wa pili una ubao wa kuvukia ambao kondakta anaukunjua.

Stesheni masta anaitwa Pyka. Mwanamume mrefu, kofia nyekundu, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa kosa lake. Nikamwambia nataka kusafiri. Akaniambia nipige simu ya msaada saa arobaini na nane kabla ya safari. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine yeyote hapa Olchowa anayelazimika kutangaza safari yake siku mbili mapema. Akasema, "Tutaona." Sijui alikuwa anajibu swali gani.

Septemba 7 hadi 15

Vichomozo. Vidole vyeusi. Hakuna la kuandika.

Septemba 16, Jumamosi

Nimepanda treni.

Nilipiga simu kama walivyotaka. Alipokea binti anayejitaja kwa jina, Oliwia, sauti kama anasoma. Leo asubuhi kondakta akakunjua ubao, nikasukuma mara mbili, nikawa ndani. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyesema "moja, mbili, tatu." Nina miaka arobaini na sita; tangu pikipiki ilipoanguka nami nikiwa na ishirini na moja, hii ni mara ya kwanza kupanda treni bila mkono wa mtu kwapani.

Nilifika Wierzbno, nikabaki palepale jukwaani, nikarudi na treni hiyohiyo. Makaburini sikwenda. Hiyo ni ya siku yake.

Kinga, msichana anayefanya kazi kwangu mwaka wa tatu sasa, aliniuliza niliona nini huko. Nikamwambia niliona mashamba ya viazi kupitia dirisha kubwa. Akasema, "Bosi, mashamba ya viazi si hata hapa yapo?" Yapo, lakini hapa sikuyaona yakikimbia.

Septemba 28

Mvua. Banda la tatu linavuja kwenye kona.

Oktoba 3

Mvua. Rangi zimeanza kuonekana: nyeupe, njano, na ile ya zambarau iliyokolea ambayo wajane wanaipenda. Leokadia amepiga simu kuuliza kama nitamtumia vyungu sita kama kawaida. Nikamwambia mwaka huu namletea mwenyewe, kwa treni. Akasema, akilifupisha jina langu Bogumila kama alivyozoea, "Mila, mdogo wangu, usijisumbue. Tutakuwashia taa kwa jina lako." Hivyo ndivyo watu wanavyozungumza habari za mtu aliyekufa.

Oktoba 11, Jumatano

Wamebandika tangazo stesheni. Nimelisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana ukungu.

Kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 2, kwa sababu ya wingi wa watu wanaokwenda makaburini, na kwa ajili ya kuwarahisishia safari, treni ndogo zote za njia yetu zitaondolewa, na mahali pake yatawekwa mabehewa marefu ya zamani yenye nafasi nyingi. Nayajua mabehewa hayo. Yana ngazi tatu za chuma, ya kwanza iko juu ya jukwaa kama goti la mtu mzima, na mlango umebanwa katikati na chuma cha kushikia.

Yaani mwaka mzima naweza kwenda popote ambako sina shida napo. Siku tatu ambazo nchi nzima inahama kwenda kwa wafu wake, mimi nimewekewa ngazi. Na aliyefanya hivyo hakuwa na ubaya wowote. Alikaa mezani, akahesabu viti, akaona vimeongezeka, akafurahi. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila mimi simo ndani yake.

Oktoba 12

Nilimpigia Oliwia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasoma kutoka mahali: abiria wenye mahitaji maalumu wanaombwa kuchagua siku nyingine ya kusafiri.

"Siku nyingine ya Watakatifu Wote?" nikamuuliza.

Akasema atalifikisha ombi langu. Kalamu yake nilikuwa naisikia ikigongagonga meza.

Oktoba 13

Nimegombana na Pyka. Naandika ningali na hasira, kwa hiyo nitaandika kidogo kidogo.

Nilimkuta anafagia majani jukwaani. Nikamuuliza zile treni ndogo zitakuwa wapi siku hizo tatu. Akasema zitalala kwenye karakana. Nikamuuliza kwa nini isije hata moja. Akasema mpango wa treni umeshapangwa, haiwezekani. Halafu akaegemeza ufagio ukutani, akavua kofia, akaniambia kwa sauti ya upole, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba siku hiyo atamwita shemeji yake, na wao wawili watanibeba na kiti changu mpaka ndani. Alisema hata mama yake mzazi, yeye ndiye aliyekuwa anambeba hivyo.

Nikamwambia mimi na kiti changu ni kilo mia moja na nne, ngazi ni tatu, ni nyembamba, na tarehe mosi Novemba huenda zikawa na barafu. Nikamwambia nimeshabebwa na nimeshaangushwa. Nikamwambia kwamba mtu anayebebwa hana pa kuweka mikono yake.

"Wewe Bi Bogumila ni mgumu kusaidiwa," akasema.

"Nisaidie kwa kuleta treni."

Akarudi kwenye majani yake. Mwanamume yule, hata nyumba ikiwaka moto, atauliza kama zimamoto walitoa taarifa saa arobaini na nane kabla.

Oktoba 16

Leokadia tena. Amesikia habari ya mabehewa kwa jirani yake. Hakufurahi, kwa hilo nampa haki yake, lakini alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwake kesi imekwisha: nitakuja jioni na gari, nile supu yake ya bitiruti, nilale, asubuhi nirudishwe. Nikamuuliza mbona ana haraka hivyo ya kunipangia. Akasema ana umri wa miaka sitini na amechoka kugombana na mimi kwenye simu. Nikakata. Dakika tano baadaye nikaona aibu kidogo, lakini simu sikuipiga.

Oktoba 18

Ukungu. Vyungu mia tatu vimekwenda mjini. Sikumjibu mtu vizuri siku nzima.

Oktoba 20, Ijumaa

Leo Pyka amekuja hapa.

Alikuja bila kofia, kwa hiyo Kinga hakumjua, akamuuzia chungu cha njano kama mteja yeyote. Kisha akaniulizia. Nilikuwa banda la pili nikifunga karatasi kuzunguka vyungu. Akasimama kwenye njia yangu ya mita moja na robo, akaitazama huku na huku, akaniuliza kama njia zote ziko hivyo. Nikamwambia zote. Akasema mama yake alikaa miaka minane ghorofa ya pili bila kushuka ila kwa mgongo wake yeye, na alikuwa akidhani amemfanyia vizuri. Nikaendelea kufunga karatasi.

Halafu akaniambia jambo, macho yake yakiwa kwenye maua. Kila ombi la msaada linalopigwa kwa ile simu hupewa namba. Kila namba lazima ijibiwe kwa maandishi, na jibu litiwe sahihi na ofisa anayesema msaada utatolewaje na nani. Ombi moja, watalijibu kwa pole; yakiwa mengi, pole haitatosha. Na ombi si la watu wa viti tu. Ni la yeyote asiyeweza kupanda: mzee wa magongo, mwenye nyonga mbovu, mama mwenye gari la mtoto.

"Wewe unauza maua kwa nusu ya wazee wa Olchowa," akasema. "Mimi sijasema kitu."

Akachukua chungu chake akaondoka. Mlangoni akarudi kuuliza kama njano inafaa kwa mama. Nikamwambia inafaa.

Oktoba 21, Jumamosi

Soko. Nimejaribu.

Mteja wa kwanza alikuwa Bibi Genowefa, miaka themanini na moja, anayenunua kwangu tangu nilipokuwa na vyungu vya dirishani tu. Huko Wierzbno wamezikwa mume wake, kaka yake na mashoga zake wawili. Nikamuuliza atakwendaje. Kwa treni, kama kila mwaka. Nikamuuliza atapandaje ngazi tatu na chungu mkononi.

"Kama kila mwaka," akasema. "Nasukumwa matakoni na mtu nisiyemjua, halafu namshukuru."

Nikamwonyesha namba ya simu. Akapiga palepale, kwa sauti ya mtu anayeita kuku. Nilisikia upande wake tu. Aliulizwa ana ulemavu gani. Akajibu, "Nina miaka themanini na moja, goti la chuma na chungu cha maua. Chagua wewe."

Akapewa namba ya ombi. Aliisoma kwa sauti kama ameshinda bahati nasibu, na wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakauliza hiyo ni namba ya nini.

Sikumwambia mtu aseme uongo. Sikuhitaji. Ukikaa nyuma ya meza ya maua ya makaburini, unaona magongo mengi kuliko daktari wa mifupa.

Oktoba 22 hadi 25

Tunauza, wanapiga. Kinga amebandika namba kwenye karatasi ya kufungia, kila chungu kinaondoka nayo. Nahesabu wale tu walioniambia wenyewe: arobaini na watatu, wote treni ya asubuhi ya tarehe mosi. Mmoja ni kijana mwenye mapacha kwenye gari la watoto. Mwingine, mzee mwenye hasira za kudumu, aliniambia yeye hana haja na msaada wa mtu. Nikamwambia sawa. Jioni alirudi, akasema amepiga kwa ajili ya mke wake. Mke wake alikuwa pembeni, mzima kama farasi, anacheka.

Oktoba 27

Baridi kali imetangazwa. Tumefunika banda la tatu kwa mablanketi. Kama maua yataungua kwa barafu sasa, basi yataungua. Nimeshangaa kuona kwamba hilo si la kwanza kichwani mwangu.

Oktoba 28

Hayakuungua.

Oliwia amenipigia yeye. Hakusoma kutoka mahali safari hii. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama Olchowa kuna hospitali. Nikamwambia hakuna, kuna wazee tu, na wazee hao wana wafu wao. Akasema wamefika sitini na mmoja, na mkubwa wake amejifungia na mtu wa ratiba tangu asubuhi. Nikamuuliza anadhani itakuwaje. Akasema haruhusiwi kudhani. Kisha akasema bibi yake mwenyewe ana nyonga mbovu, akakata.

Oktoba 30, Jumatatu

Jibu limekuja kwa simu, na kwa watu wote sitini na mmoja kwa pamoja, nadhani, kwa sababu ndani ya saa moja soko zima lilikuwa linavuma. Kuweka wafanyakazi wa kusaidia watu sitini na mmoja kupanda behewa la ngazi hawawezi. Kwa hiyo tarehe mosi asubuhi itakuja treni ya nyongeza: treni ndogo, sakafu ya chini, Olchowa hadi Wierzbno, na alasiri irudi.

Bibi Genowefa alipita mezani kwangu akaniambia nisijivune. Nilikuwa sijafungua mdomo.

Nilimpigia Leokadia. Nikamwambia nafika saa nne kasoro asubuhi. Akasema, "Utakuja na nani?" Nikamwambia na treni nzima.

Oktoba 31

Kazi kutoka alfajiri. Mgongo unauma, sina neno la kuueleza. Nimemwambia Kinga kesho apeleke meza stesheni, aiweke mahali watu wengi wanapopita. Nalala.

Novemba 1, Watakatifu Wote

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Asubuhi ilikuwa na ukungu mwembamba na barafu kidogo kwenye nyasi. Nilijisukuma kutoka nyumbani na vyungu viwili mapajani, koti jeusi, glavu mpya. Stesheni ilikuwa imejaa. Treni ndefu ya zamani ilikuwa imepita kabla yangu, na watu walikuwa wakisimulia jinsi walivyokuwa wakivutana milangoni. Nikakata kona kwenda kwenye mteremko.

Mteremko haukuwepo. Kulikuwa na maua. Safu tatu za krisanti, nyeupe, njano, zambarau, kutoka chini mpaka pale pa kupumzikia, kila chungu kimefungwa karatasi yangu yenye jina langu. Juu kabisa alikaa Kinga na sanduku la kubadilishia chenji, mashavu mekundu kwa baridi, amefurahi kupita kiasi. Kila anayekwenda jukwaani kwa miguu alikuwa anapita ngazi za pembeni, anainama, anachagua.

"Bosi, si ulisema mahali watu wanapopita?" akasema alipouona uso wangu.

Nilisema hivyo. Sikusema mahali ninapopita mimi. Wiki tatu nimewatukana watu waliokaa mezani wakahesabu viti bila kunihesabu, na mfanyakazi wangu mwenyewe, anayenisukumia mlango kila siku, ameziba njia kwa maua yangu, kwa amri yangu. Nilitaka kumfokea.

Treni ndogo ikapiga honi kwenye kona ya kiwanda cha mbao.

Kinga akaanza kubeba viwili viwili. Vilikuwa zaidi ya mia. Nikapaza sauti nikasema njia isafishwe, nami nikaona aibu kwa kuwa watu waligeuka kunitazama kama mteja mkorofi. Bibi Genowefa ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinama na goti lake la chuma, akachukua kimoja, akakipandisha jukwaani, akarudi. Shoga yake mmoja waliyekuja pamoja akafuata. Kijana wa mapacha akaweka vinne kwenye gari la watoto, juu ya miguu ya wanawe. Yule mzee wa hasira za kudumu alisimama juu anawaelekeza wengine wapi pa kuviweka, hakubeba hata kimoja. Treni ilikuwa imeshasimama, mlango wa pili uko wazi, ubao umekunjuliwa, na kondakta anatazama saa yake.

Pyka alisimama katikati ya jukwaa na kofia yake nyekundu. Kile kibao cha kuruhusia treni alikuwa amekishika nyuma ya mgongo. Kondakta akamwita. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamwita kwa jina. Akawaambia kuna ombi lenye namba ambalo bado liko chini ya mteremko, na yeye hawezi kuruhusu treni mpaka ombi lipande. Alisema kwa uso uleule wa kusubiri kuambiwa kosa. Baadaye nilijua kwamba kwa kila dakika ya kuchelewa ataandika maelezo. Ziliteketea nne.

Njia ilipofunguka, haikufunguka yote. Ilifunguka sentimita sabini hivi, katikati ya maua. Kiti changu kina sitini na nne. Nikapanda. Petali zilikuwa zinagusa vidole vyangu pande zote mbili kila niliposukuma. Nilipofika jukwaani nilikuwa nahema, na Pyka akaniambia bila kunitazama, "Ubao upo mlango wa pili, Bi Bogumila." Kana kwamba mimi ni abiria kama mwingine yeyote.

Ndani, kondakta, mwanamke wa makamo asiye wa njia yetu, alishika orodha yake, akauliza kwa sauti nani aliyeomba msaada. Behewa zima likanyoosha mikono. Bibi Genowefa akanyoosha gongo.

Wierzbno kutoka stesheni mpaka makaburini ni barabara nzuri, na leo ilikuwa haina gari hata moja, watu wamejaa njia nzima. Shida ilikuwa ndani ya geti: kokoto. Gurudumu la mbele linazama. Nikageuza kiti nikawa napanda kinyumenyume, nikiwaangalia watu waliokuwa nyuma yangu usoni mmoja mmoja. Wawili wakauliza kama wasukume. Nikawaambia hapana, asanteni, na wakanielewa, wakanipa nafasi.

Leokadia alikuwa kaburini peke yake. Wanawe walikuwa bado kanisani. Kaburi la mama bado ni tuta la udongo, halijawekewa jiwe, kwa kuwa mwaka haujaisha. Amelifunika kwa matawi ya msonobari, safi, yamepangwa kama vigae. Alipogeuka na kuniona alitazama kwanza nyuma yangu, kumtafuta aliyenileta. Kisha akatazama magurudumu yaliyojaa matope. Akasogeza ndoo yake kando ili nikae karibu na tuta.

Nikaweka vyungu viwili. Nikaondoa glavu, nikasukuma mkono kati ya matawi mpaka nikaushika udongo. Ulikuwa baridi na mzito, wenye majimaji. Nikaacha mkono hapo.

Nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza siku hiyo, lakini nilimuuliza kwa nini hawakunisubiri.

Leokadia akakaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani. Aliniambia kwamba alimwomba padri asubiri, akasubiri, na padri akaambiwa kuna maiti nyingine kanisani. Akamwomba tena, akasubiri tena. Halafu maji yakaanza kuingia kaburini kutoka ubavuni. Alikuwa anayaona yakipanda. Akaona kwamba akiendelea kunisubiri mimi, mama atateremshwa kwenye maji.

"Ikabidi nichague," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulifika ukiwa na uso ule. Ningekwambia maji, ungesema ni kisingizio."

Ningesema hivyo. Namjua Bogumila, angesema hivyo, na angetaka kujua ni maji ya sentimita ngapi. Kwa hiyo sikubisha. Nikampa kiberiti, akawasha taa ya kwanza, akanipa, nikawasha ya pili. Tulikaa hapo mpaka wanawe walipokuja, na watu wa mtaa wa zamani wakapita mmoja mmoja kutusalimia, mchana, wakinipa pole ambazo Machi sikuwepo kuzipokea. Wengine walinipa mkono wakashangaa kukuta udongo. Bibi Genowefa alipita na kundi lake, akatazama tuta, akamwambia Leokadia matawi yamepangwa vizuri, akaniambia mimi vyungu vyangu ni vidogo mwaka huu. Si vidogo.

Leokadia alitaka nilale kwake. Nikamwambia nina treni ya kurudi. Akanisindikiza mpaka stesheni akitembea kando yangu, mikono yake ndani ya mifuko ya koti. Niliona jinsi alivyokuwa anaibana humo isitoke ikanisukuma.

Novemba 2

Nimelala mpaka jua likatoka. Kinga amekuja kuomba radhi. Nikamwambia mteremko ulikuwa mahali pazuri kwa biashara, hilo silikatai, aliuza kuliko soko. Tumekubaliana kwamba mwaka ujao meza itakuwa upande wa ngazi.

Novemba 3

Nilipeleka chungu cha zambarau stesheni. Pyka alikuwa anaandika maelezo ya zile dakika nne. Nikamuuliza ameandika sababu gani. Akasema, "Kupakia abiria." Mkubwa wake ameshayarudisha mara moja akitaka maneno zaidi. Hana maneno zaidi. Tangazo la mabehewa ya zamani bado liko ukutani. Nikamwambia ni wakati wa kulibandua. Akasema tutaona. Nilipokuwa nageuza kiti nilisikia karatasi inachanika.

Novemba 6, Jumatatu

Nimekata mashina, nimeweka pembeni yale ya kutoa vipandikizi vya mwaka ujao. Mabanda yamebaki matupu, yana mwangwi. Sina kazi ya haraka mpaka Februari.

Nimempigia Oliwia. Nikamwambia nataka kusafiri Jumatano, kutoka Olchowa hadi mwisho wa njia na kurudi. Nilisikia kalamu ikisimama. Akauliza, kwa uangalifu mkubwa, safari hii tuko wangapi.

Nikamwambia niko peke yangu.

Akataka kujua nakwenda kufanya nini huko, maana kuna sehemu ya kujaza kwenye fomu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia aache wazi, nitaona nikifika.